Kingo Mbili za Luapula, Mume Mmoja

Wanawake wenzangu wa chumba cha kushona, mmeniuliza mara nyingi, na kila mmoja kwa njia yake. Mmoja aliuliza mbona nimekonda. Mwingine aliuliza Pascal yuko wapi, huku akijifanya anatafuta sindano. Basi naandika yote mara moja, mtasomeana wenyewe, maana kulieleza jambo hili mlango kwa mlango kutanimaliza sauti.

La kwanza mnalijua: mimi nina wivu. Sioni haya kulisema. Pascal akichelewa gereji, mishono yangu inapinda, na wateja wanaovaa nguo zangu wanajua. Kwa hiyo mjomba wake alipofariki ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Zambia, na ukoo ukatuma habari kwamba umemchagua Pascal apyane, nilisema nitakwenda naye. Sisi tuliotoka kaskazini ya Katanga, mtoto kwetu ni wa baba yake. Kwao watu wa mto, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akifa, mtoto wa dada yake huchukua jina lake, shoka lake na kiti chake. Ndiyo kupyana. Pascal alinieleza hayo akiwa ananawa mafuta ya gari mikononi. Alitaja jina, akataja shoka, akataja kiti, kisha akaendelea kunawa mikono iliyokwisha takata. Nikajua kuna kitu amekimeza.

Kutoka Kamalondo mpaka Kasomeno

Tulipanda hapa Lubumbashi lori la Papa Kambale, mtu wa Kivu anayepeleka unga na sabuni Kasenga na kurudi na samaki. Injini ya lori lile Pascal anaijua kuliko anavyonijua mimi. Nilikaa katikati ya wanaume wawili, gia ikinigonga goti njia nzima, kwa sababu nilikataa mume wangu akae katikati nami niwe dirishani nikitazama miti tu. Nilitaka kumwona anamtazama nani.

Hatujaziacha nyumba za mwisho za mji, mke wa Kambale akapiga simu. Tukasonga kidogo, akapiga tena. Kambale alimjibu kila mara kwa upole, kama mtu anayemwekea mgonjwa mto kichwani. Halafu kikatokea chakula alichofungiwa, maharage yaliyopondwa pamoja na ndizi, ndani ya kitambaa kilichopigwa pasi. Jamani, nani anapiga pasi kitambaa cha kufungia chakula? Mimi nilikuwa na mikate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwona Pascal anakitazama kile kitambaa, nikausukuma mfuko wangu chini ya kiti kwa kisigino.

Kabla ya Kasomeno tairi lilipasuka, mahali pasipo hata kivuli cha paka. La akiba halikuwa na hewa. Kambale alimkabidhi mwenye pikipiki mmoja alipeleke kulijaza, nasi tukakaa kando ya njia tukilishwa vumbi na malori ya wengine. Wanawake waliokuwa wakiuza chikanda walitufuata, ile keki ya mizizi ya porini na karanga tunayoinunua pia sokoni kwetu. Wakamsemesha Pascal Kibemba, naye akawajibu. Miaka yote hii Kamalondo, mimi na yeye ni Kiswahili na Kifaransa, sasa ghafla mdomo wake ukawa laini na wanawake wakawa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilimuuliza wamesema nini. Akasema wamesema chikanda ni ya jana. Chikanda ya jana haichekeshi mtu kiasi kile, lakini nilikula, na ilikuwa nzuri, jambo ambalo nalo liliniudhi.

Tukiwa pale ndipo Kambale alinieleza kile kiti cha mjomba ni kiti gani. Mimi nilifikiri ni kiti cha mbao. Alisema juu ya mto, kwenye maporomoko, serikali mbili zinataka kujenga bwawa la umeme, na kwa kuwa mto ndio mpaka, kila serikali inapima ukingo wake. Wahandisi wa Zambia walikuja wakaweka mawe ya rangi nyekundu. Wa kwetu walikuja baadaye wakaweka nguzo nyeupe. Zambia inasema nyumba ya mashine iwe kwao kwa sababu barabara ya lami na nyaya ziko tayari. Kongo inasema iwe kwetu kwa sababu maji yenye nguvu yanapita upande wetu. Wanaoishi chini ya maporomoko, wa ng'ambo zote mbili, wanaogopa jambo jingine kabisa: mafuriko ya kila mwaka ndiyo yanayoleta samaki kwenye nyasi, na bwawa likishayashika maji, mafuriko yatakuja siku mwenye bwawa atakapotaka.

"Mama, maji ni ya inchi mbili, Kongo na Zambia," Kambale alisema, "lakini barrage itakuwa na mulango moja. Ule atakamata funguo ya mulango, njo atakuwa mwenye mto. Mengine yote ni maneno."

Mjomba wa Pascal ndiye aliyekuwa akiwakalisha watu wa ng'ambo zote mbili chini na kuwafanya waseme kwa sauti moja, kwa kuwa ukoo wake uko kote kuwili. Tangu afe, hakuna. Ndicho kiti ambacho mume wangu, fundi wa injini, mtu ambaye nyumbani hawezi kuamua hata rangi ya pazia, alikuwa anakwenda kukikalia. Nilimtazama. Alikuwa anatafuna chikanda na hakunitazama.

Kutoka Kasomeno mpaka Kasenga

Sehemu hii ni fupi kwa sababu niliisafiri nikiwa kimya. Tairi lilirudi, tukala vumbi tena, na Kambale, kwa kuwa alikuwa ameshiba maharage ya mke wake na amefurahi, alimgonga Pascal paja akapitia mbele yangu kana kwamba mimi ni mfuko wa unga.

"Sasa weye utakula muzuri, Pascal. Ule bibi ya muzee, makobo yake na karanga, hakuna mwenye kumushinda ku huu mto wote."

Nilimuuliza Pascal bibi wa mzee, mjane wa mjomba wake, anahusika vipi na kula kwake. Akasema tutasemea Kasenga. Nikamuuliza kwa nini tusisemee hapa. Akasema gari lina kelele. Mara ya kwanza maishani nimemsikia fundi wa injini analalamikia kelele ya gari.

Kasenga

Wifi yangu Mwansa, dada mkubwa wa Pascal, anaishi karibu na mahali pa kushushia samaki. Alitupokea vizuri, ugali wa bukari na samaki wabichi wa mchuzi, na maji ya kuoga ya moto. Nilioga, nikala, kisha nikamfuata kwenye jiko na kumwambia aniambie lile ambalo mdogo wake amelimeza. Mwansa ni mtu wa haki. Aliweka sufuria chini, akaniita balamu, kama wifi anavyoitwa kwao.

"Balamu, usinikasirikie miye. Mufu, roho yake, anabakiaka pa mwili ya bibi yake. Ule mwenye kupyana njo anamutoa. Zamani balikuwa banalala naye, na kama bote babili banapenda, anabakia bibi yake. Leo banamufungaka tu ushanga ya mweupe ku mukono, inaisha, anaenda kwao huru."

Nikamuuliza mjane ni mzee kiasi gani. Mwansa akachukua tena sufuria. Akasema mzee alikuwa ameoa mara ya pili, na Bana Kabwe, ndivyo anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, bado ana nguvu.

Na ushanga ndio utakaofungwa, si ndiyo? Mwansa akasema hajui, kwa sababu kupyana safari hii si jambo la ukoo peke yake. Watu wa ng'ambo zote mbili watakuwepo, na wamekasirika. Ile miezi ambayo Zambia inafunga uvuvi ili samaki wazae, watu wetu wa Kasenga waliendelea kuvua, kwa kuwa sheria ile si yetu. Walinzi wa kule wakachukua nyavu za watu wetu. Watu wetu wakalipiza kwa kufunga mitumbwi ya watu wa kule kwa minyororo hapa Kasenga. Wao wanatuonea wivu kwa kuwa tunakula samaki walipofunga njaa. Sisi tunawaonea wivu wa lami. Na wahandisi wa serikali zote mbili walikuwa karibu kurudi kusikiliza wananchi. Wakiwakuta wananchi wanagombania nyavu, watafanya wanavyotaka.

Jua lilipozama nilitoka kwenda kutazama mto. Ukingo wetu giza, watu wanawasha taa za simu. Ng'ambo ile taa zikawaka zote kwa mara moja, mstari mrefu, na chini yake redio na mashine ya kusaga. Sitawadanganya: niliona wivu. Nilikuwa nauonea wivu ukingo wa mto. Pascal alikuja akasimama karibu nami, akasema alitaka kuniambia, akakosa mahali pa kuanzia. Nikamwambia angeanzia pale kwenye bibi.

Kuvuka

Tulivuka asubuhi kwa mtumbwi pamoja na Mwansa, na mpiga kasia alituuliza kama tunakwenda kwenye mkutano wa maji au kwenye kupyana. Pascal akasema yote mawili. Mpiga kasia akasema basi Mungu amsaidie.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, watoto wawili walikuja mbio, wakaingia majini mpaka magotini na kumshika Pascal mikono, wakimwita tata, tata. Nilisimama ndani ya mtumbwi. Mtumbwi haupendi mtu asimame hivyo, nikaangukia kwenye kikapu cha nyanya cha mama mmoja na kukaa humo. Miaka mingapi anakuja huku? Nilianza kuhesabu watoto wale wana umri gani na Pascal alisafiri lini. Mwansa alinivuta kwa kwapa, akaninong'oneza kwamba ni watoto wa mjomba, na kwa kuwa ukoo umekwisha mchagua Pascal, kwao yeye ni baba yao tayari. Hata jina lilikuwa limekwisha badilika. Watu wote walimwamkia Mulenga, jina la marehemu, na yeye aliitika. Aliitika bila hata kusita. Nimeolewa na Pascal, nikavuka mto na Mulenga.

Bana Kabwe alikuwa juu ya ukingo. Mrefu, mgongo umenyooka, kitambaa cheusi kichwani, meno yote yako mahali pake. Alipiga magoti na kumpigia Pascal makofi taratibu, kama wanawake wa kule wanavyomwamkia mtu wa heshima. Mimi katika ndoa yangu yote sijampigia Pascal makofi, labda mgongoni alipokabwa na mfupa. Kisha akanigeukia, akaniona nyanya zilizonishika nyuma ya nguo, na akazipangusa kwa mkono wake bila kucheka. Kama angecheka ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Moto

Tuliwekwa katika nyumba ya marehemu. Bana Kabwe na watoto walikuwa wamehamia kwenye chumba cha nyuma. Jikoni palikuwa na moto mdogo wa kuni unaofukuta, na juu yake sufuria yake, na ndani ya sufuria makobo wake kwa karanga, wale samaki niliosikia habari zao kwenye lori. Harufu yake ilikuwa inaelekea moja kwa moja puani mwa mume wangu.

Nikasema moyoni: hapana. Mume wangu hatakula chakula cha mwanamke yule juu ya moto wa mwanamke yule. Mwansa alikuwa ametoka kusalimia watu. Niliteremsha sufuria, nikavuta kuni zote nje, nikamwagia majivu maji mpaka hapakubaki hata cheche. Kisha nikatoa makaa yangu niliyokuja nayo kutoka Kasenga, nikapanga mawe upya, nikawasha kwa kiberiti changu, na nikaanza kumpikia Pascal mayai yale yale ya kuchemsha, safari hii kwa nyanya za yule mama wa mtumbwi, zile nilizozikalia na kulazimika kuzilipa.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa umejaa wanawake. Mwansa alipasua kati yao, akatazama majivu yaliyolowa, akakaa chini papo hapo kwenye udongo. Ndipo nilipojifunza kwamba katika ukoo ule moto wa mtu aliyekufa hauzimwi ovyo. Unalindwa ukifukuta mpaka siku ya kupyana, kisha unazimwa mbele ya wazee, na moto mpya unawashwa na mke wa yule aliyechukua jina. Anayewasha ndiye mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimefanya shughuli nzima peke yangu, na mayai juu yake.

Niliona aibu, nawaambia kweli. Bana Kabwe peke yake hakuonekana kukasirika. Aliingia, akachuchumaa, akapeleka viganja kwenye moto wangu kama anayepima joto, akanitazama. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Kasenga, maana kule ndiko anakouzia samaki, kwamba yai limeiva.

Mkutano

Mkutano ulikuwa chini ya paa la bati pale wanapopimia samaki. Watu wa Kasenga walikaa upande unaotazama kwao, wa Zambia upande wa pili, na katikati nafasi ambayo hata kuku aliizunguka. Kabla ya kumpa Pascal jina rasmi ilibidi wakubaliane kama wanamtaka.

Walianza na nyumba ya mashine. Mzee mmoja wa kule alisema lami na nyaya ziko kwao, mwenye akili angeona. Mkuu wa wavuvi wa Kasenga alisema maji hayatembei kwenye lami. Wakaja kwenye nyavu, wakaja kwenye mitumbwi, wakarudi kwenye mashine. Kisha wakamfikia Pascal. Watu wa Zambia walisema huyu ni mtu wa Lubumbashi, atakaa wiki moja na kurudi kwake, na wahandisi wakija atawapa Wakongo funguo. Watu wa Kasenga walisema huyu ataonja umeme wa kule na kusahau alikozaliwa, na wahandisi wakija atawapa Wazambia funguo. Pascal alikaa katikati, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengojea injini yake ifunguliwe na wengine.

Halafu mzee wa kule akasema kuna dawa. Mwanamume habaki mahali bila mwanamke wa mahali hapo. Waache mambo ya ushanga. Mulenga amchukue Bana Kabwe kabisa, awe mke wake hapa, na mto utakuwa umemshika. Nikageuka kwa watu wetu wa Kasenga, nikitegemea wapinge, maana tangu mkutano uanze walikuwa wamepinga hata hali ya hewa. Mkuu wa wavuvi akafikiri, akasema kwamba hapo, kwa kweli, wenzao wamesema. Wakapiga makofi pande zote mbili.

Watu ambao hawakuweza kukubaliana mashine iwekwe wapi, wala nyavu zirudishwe lini, walikubaliana kwa pumzi moja kumpa mume wangu mke. Nilimtazama Pascal aseme kitu, na Pascal alifungua mdomo, na nawaapia sijui mpaka leo alitaka kusema nini, kwa sababu Bana Kabwe alikuwa amekwisha simama.

"Bote mulisema," alisema. "Miye hakuna mwenye aliniuliza. Huyu mama alizima moto ya mufu, akawasha ingine. Batu balimuona. Mwenye kuwasha moto njo mwenye nyumba, ni sheria yenu, haiko yangu. Nyumba haiwezi kuwa na benyewe babili. Miye minaomba ushanga yangu."

Mwansa alikuwa ameshika mdomo. Wazee wa kule walinong'onezana, kisha yule wa kwanza, kwa adabu kabisa, akanigeukia na kuniuliza kama nilijua ninachofanya nilipowasha moto. Nikasema sikujua. Akauliza kama basi nitaurudia mji wangu na kuuacha. Maana nikiondoka moto ukazimika, Mulenga atakuwa hana mke hapa, na wao watarudi pale pale.

Hapo ndipo nilipoiona Kamalondo yetu yote. Niliiona mashine yangu, ninyi, kelele za jioni, wateja wanaokataa kukubali kwamba wamenenepa. Watoto wetu ni wakubwa, hawanihitaji. Lakini Kamalondo nilikuwa naihitaji mimi. Pascal akasema polepole, "Odette, usiseme kintu hautaweza." Alisema kwa huruma, nami nikaona pia, kwa sababu namjua, kwamba alikuwa anakitaka kile kiti. Hajawahi kutaka kitu hivyo. Nilikionea wivu kiti.

Nikasimama.

"Munatafuta mwanamuke wa kumufunga bwana yangu ku hii mayi," nilisema. "Musitafute mbali. Niko na wivu ya kutosha inchi mbili. Kama iko hapa, niko hapa. Akivuka, minavuka. Na siku ba ingénieur banakuja, atasema bile mulikubaliana bote, juu nitakuwa pembeni yake ninamuangalia."

Aliyeanza kucheka ni mkuu wa wavuvi wa Kasenga, kisha yule mzee wa kule. Ilibidi Mwansa awatafsirie wengine, na kicheko kikaenda mpaka nyuma. Baada ya kucheka pamoja ilikuwa vigumu kurudi kwenye ugomvi kwa ukali ule ule. Hawakuamua nyumba ya mashine. Walichoamua ni kwamba hakuna ukingo utakaoongea na wahandisi peke yake, na kwamba watakachokidai kwa pamoja ni mlango wa bwawa ufunguliwe majira ya mafuriko, mashine iwe upande wowote. Jioni ile Pascal alipewa shoka. Kazi yake ya kwanza akiwa Mulenga ilikuwa kwenda na watu wa pande zote mbili kuchukua nyavu kwa walinzi, kuzirudisha Kasenga, na kufungua mitumbwi. Nilikuwa ndani ya mtumbwi wake, nimekaa.

Ushanga

Siku iliyofuata Bana Kabwe alifungwa ushanga mweupe mkononi. Aliyeufunga ni Pascal, na mimi niliushika uzi ili asikawie na ule mkono. Ukaisha. Yule mwanamke akavua kitambaa cheusi, akapumua, na uso wake ukapungua miaka mingi. Wengine walisema amepata bahati. Nilimtazama akitembea kwenye mchanga ule bila mume, bila ukoo wa mume, bila mto wa kuulinda, na mkono wenye ushanga ukiyumba. Halafu nikarudi jikoni kuuchochea moto wangu, kwa sababu sasa ni wangu na siwezi kuuacha.

Kurudi

Mwansa amebaki ng'ambo anautunza moto mpaka nirudi, na amenionya nisikawie. Nimekuja Kamalondo kuchukua mashine yangu na vyombo. Papa Kambale ataondoka kesho kutwa, na safari hii nitakaa peke yangu dirishani. Inasemekana wahandisi watakuja baada ya hapo, wa upande wa kwanza au wa pili, hakuna anayejua. Pascal yuko mtoni. Mke wa Kambale ameniahidi kunifundisha ile ya maharage na ndizi, na nitapiga pasi kitambaa.

Sasa lile ambalo sijawaambia. Nilipokuwa napanda mtumbwi wa kurudi, Bana Kabwe alinifuata na kikapu cha samaki wa kukausha, akasema ni zawadi ya njia. Kisha akaniuliza, akitazama maji, "Mama Odette, ile chumba yenu ya Kamalondo, nani iko analala mule sasa?" Watoto atawaacha kwanza kwa mama yake. Anataka kuuza samaki Lubumbashi, kitu alichokitaka tangu ujana, na marehemu hakutaka. Nilitafuta sababu ya kukataa. Niliitafuta nikivuka mto mzima na njia yote kutoka Kasenga, sikuipata.

Anakuja na lori lile lile litakalorudi. Mpokeeni. Mwonyesheni bomba linalotoa maji na lile linalodanganya. Anapika kunishinda, hakasiriki haraka, na baada ya wiki moja mtakuwa mmekaa mlangoni kwangu, mnakula makobo wake kwa karanga, mnacheka. Wavuvi wa nchi mbili walitaka nimpe Bana Kabwe mume wangu, nikakataa mbele yao wote. Na sasa nimempa ninyi.